Maneno ya barabarani kwa tunaoendesha baiskeli ya watu wawili hapa Dodoma: jamani, wa nyuma naye anapiga pedeli!

Mwana Ipagala (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni.

Mimi na mume wangu tunaendesha baiskeli ya watu wawili hapa mjini, ile ndefu ya siti mbili na pedeli jozi mbili. Wenye lugha zao wanaiita tandemu. Yeye anakaa mbele, mimi nyuma. Kama unakaa Ipagala au Makulu, au shughuli zako ni za Majengo sokoni, huenda umeshatuona, na kama umetuona basi ulisema kitu. Kila mtu husema kitu. Hata yule mpole asiyemsemesha mpita njia, baiskeli hii ikipita mdomo unamfunguka wenyewe.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu maneno hayo nayapenda na sitaki yapotee. Mimi wa nyuma ndiye ninayeyasikia. Mume wangu ana kazi ya mashimo, bodaboda, na bajaji zinazokata kona bila kuwasha taa, masikio yake yote yapo barabarani. Mimi mbele sioni kitu zaidi ya mgongo wake, lakini kulia na kushoto kote ni kwangu. Napunga mkono, naitikia salamu, najibu hoja.

Nianze na lile linaloongoza, maana bila kulimaliza hili hatutaelewana: "Wa nyuma hapigi!"

Linasemwa kwa namna zote. "Mzee, huyo wa nyuma anakula lifti." "Baba unambeba bure huyo!" "Dada, kanyaga na wewe, usimuue mtoto wa watu." Sokoni Majengo kuna mama wa nyanya ambaye kila tukipita anamwambia mume wangu, "Mwanangu, geuka nyuma uhakikishe." Wote wanacheka, na mimi nacheka, kisha nainua mguu kuonyesha kuwa unazunguka.

Sasa elezeni na majirani zenu. Baiskeli hii ina cheni mbili. Ya kulia inakwenda gurudumu la nyuma kama kwenye baiskeli yoyote. Ya kushoto ndiyo siri: inaunganisha pedeli za mbele na za nyuma, kwa hiyo zinazunguka pamoja, kwa mwendo mmoja, muda wote. Akizungusha yeye, miguu yangu nayo inazunguka. Nikisimamisha mimi, yake inasimama. Hata nikitaka kupumzisha goti kidogo lazima nimwambie, "acha," wote tuache, ndipo tuendelee. Cheni hiyo ya kushoto ilipotulegea tulimpelekea fundi mmoja wa Majengo anayetengeneza Phoenix za wauza mkaa. Alikaa nayo mchana mzima, akaunga vipande vya cheni mbili vikawa kimoja, akaipaka oili, akazungusha pedeli ya mbele kwa mkono huku macho yake yakiangalia ya nyuma. Kisha akaniangalia mimi, si mume wangu, akasema: "Mama, hapa hamna ujanja. Mmoja akilala wote mnalala."

Ni kweli wa nyuma anaweza kuacha miguu izunguke tu bila kutia nguvu. Lakini wa mbele anajua papo hapo, baiskeli inakuwa nzito kama umeifunga gunia. Sijawahi kumfanyia mume wangu hivyo tukipanda mlima kwenda Chimwaga, kule Chuo Kikuu, na asingekubali.

La pili ni "mshikaki". Hili ni la bodaboda wote kuanzia Sabasaba hadi Nkuhungu. Wanajua wao wakipakia abiria wawili trafiki anawasimamisha, sasa wakituona wawili juu ya chombo kimoja wanapiga honi: "Mshikaki huo! Afande, na hawa je?" Siku moja afande mwenyewe alikuwepo pale mzunguko. Akatusimamisha kwa mkono, akaizunguka baiskeli polepole, akahesabu siti, akahesabu pedeli, akabonyeza breki. Akawageukia bodaboda akawaambia kwa sauti, "Hawa kila mtu na kiti chake, kila mtu anafanya kazi. Wewe abiria wako anafanya kazi gani?" Kijiwe kizima kilianguka kwa kicheko.

Halafu kuna yale ambayo hayawezi kusemwa mji mwingine. Tukipita karibu na Bunge kijana mmoja wa kusafisha viatu alisema, "Wa mbele anatoa hoja, wa nyuma anaunga mkono." Mwenzake akadakia, "Naafiki!" Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 tumekuwa "mabehewa". Watoto wa Ihumwa wanatukimbilia wakipiga mluzi wa treni, wanauliza tunafika Dar saa ngapi. Na upande wa Nala, pale kwenye mizani, malori yakiwa kwenye foleni, utingo mmoja alichungulia dirishani: "Nyie mmepima? Ekseli mbili, watu wawili, mmezidisha!" Dereva wake, mtu mzima, akamrekebisha: "Waache, hao ni semi-trela, wana kibali."

Akina mama wao swali lao ni moja tu, na wanaliuliza wakiwa na nia kabisa ya kupata jibu: "Mkigombana nani anashuka?" Ninawajibu ukweli. Hashuki mtu. Tukigombana tunafika mapema, maana kila mmoja anakanyaga kwa hasira.

Lakini neno ninalolithamini kuliko yote nililipata njia ya Hombolo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wako mashambani, ardhi imeanza kunukia. Tulisimama kunywa maji chini ya mbuyu. Upande wa pili wa njia kulikuwa na familia inalima kwa plau: maksai wawili, kijana mdogo mbele ameshika kamba anawaongoza, na nyuma babu mmoja amekamata mikono ya plau, mwili wote umeinama, miguu imezama kwenye udongo. Alipofika mwisho wa tuta akawasimamisha ng'ombe, akatuangalia kwa muda mrefu. Akatusalimu "Mbukwenyi," tukaitikia "Mbukwa." Akauliza chombo hiki mbele anakaa nani, nyuma anakaa nani. Nikamwambia mimi ndiye wa nyuma. Babu akanyoosha kidole kwa yule kijana mwenye kamba, kisha akajigonga kifuani. "Basi huyu mumeo anaonyesha njia. Anayelima ni wewe."

Wakuu, watu wote mjini wananiambia mimi ni abiria. Babu wa Hombolo, ambaye hakuwahi kuiona tandemu, aliielewa kwa kuitazama tu, kwa sababu yeye kila msimu yuko nyuma ya plau na anajua nguvu inatoka wapi.

Sasa nanyi tiririkeni. Kama mmewahi kuendesha, au mmewahi kuona wanaoendesha, au mna maneno ya barabarani ya aina hii, wekeni hapa. Wale wa Kongwa, Mpwapwa, Manyoni, Singida, msikae kimya.

Nawasilisha.

Kijana wa Nkuhungu

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, uzi mtamu. Swali: breki anashika nani? Na wa nyuma akiona hatari anafanyaje?

Mwana Ipagala

Breki, usukani na gea vyote ni vya wa mbele. Usukani wangu mimi haugeuki, ni wa kushikilia tu. Ndiyo maana wa mbele lazima aseme. "Shimo." "Tuta." "Acha." "Kona kulia." Tuta asipolisema nalipokea lote mgongoni bila kujiandaa, na matuta ya mji huu mnayajua. Mimi kazi yangu nyingine ni kuangalia nyuma na kutoa ishara ya mkono tukitaka kukata. Watu wengi wanadhani nawapungia, wananipungia nao. Sina tatizo, nawapungia tena.

Kuanza safari pia kuna utaratibu wake. Yeye anapanua miguu na kushika breki zote mbili, mimi napanda kwanza, naweka miguu yote miwili kwenye pedeli, naizungusha hadi ya kwake ifike pale anapotaka. Halafu "haya", tunaondoka. Hapo ndipo watu wanasema mume wangu ananisubiri kama bibi harusi.

Spoku Arobaini

Mimi ni fundi Kizota, niongeze kwa wanaotaka kununua. Msichukue fremu ya watu wawili halafu mkaifunga rimu ya baiskeli ya kawaida. Uzito ni wa watu wawili na gurudumu ni lile lile moja. Tandemu ya kueleweka ina spoku 36 kwenda juu, nyingi 40, zipo hadi 48. Ukiweka gurudumu jepesi utakuwa mteja wangu kila wiki, na mimi sipendi pesa ya namna hiyo.

Breki nazo. Mteremko mrefu ukishikilia breki za rimu muda wote rimu inapata moto hadi tyubu inaweza kupasuka. Shika, achia, shika, achia. Ndiyo maana zile za kwenda milimani huwekewa breki ya tatu.

Maneno ninayoyasikia mimi kama fundi: mteja mwingine akiikuta hiyo baiskeli kwenye kibanda changu lazima aulize, "Fundi, hizi umeziunga mwenyewe?" Mwingine aliuliza kama ikizaa inatoa ya mtoto.

Mdau wa Singida

Mimi nasema ukweli, hiyo ni baiskeli ya wazungu. Nimewaona barabara ya Babati, wazee wawili weupe, wamefunga mizigo kila mahali. Sisi baiskeli ni ya kubebea mkaa na maji.

Mwana Ipagala

Mkuu, hao unaowasema wanapita kweli. Barabara ya Iringa, Dodoma, Kondoa hadi Babati ni sehemu ya ile njia ya zamani ya kutoka Cape Town hadi Cairo, kwa hiyo waendesha baiskeli wa safari ndefu wanapita kwetu. Lakini sikubaliani kwamba ni ya kwao. Hapa kwetu watu wawili juu ya baiskeli moja ni jambo la kila siku: mama kwenye keria, mtoto kwenye bomba la mbele, nenda Bahi, nenda Kibaigwa, utawaona. Tofauti ni kwamba kwenye hii aliyekuwa keria amepewa pedeli. Mimi nilikaa keria utoto wangu wote, miguu inakufa ganzi. Hapa nakaa siti, nafanya kazi, nafika nikiwa mzima.

Watoto wa vijijini wanatuita wazungu kwa sababu hiyo hiyo unayoisema. Tukisogea karibu wakaona sura zetu wanashangaa zaidi.

Msafiri Leicester

Nawasoma nikiwa Uingereza, miaka mingi sasa, kwetu ni Area C. Niwaambie kitu kitakachowafurahisha: huku tandemu ni za zamani sana, zilivuma tangu miaka ya 1890, na mpaka leo neno la kwanza wanaloambiwa ni hilo hilo la kwenu, kwamba wa nyuma hapigi pedeli. Neno kwa neno. Jirani zangu mtu na mkewe wanaendesha kila Jumapili, wanasema wakitoka hadi kurudi hawalikosi. Anayelisema huwa anaamini amelitunga yeye.

Na wasidhani ni chombo cha matembezi tu. Mbio za tandemu za uwanjani zilikuwepo Olimpiki hadi Munich mwaka 1972.

Mwana Ipagala

Mkuu wa Leicester umenipa furaha isiyo na kifani. Kumbe mama wa nyanya wa Majengo na Mwingereza wamefikiria jambo moja bila kukutana! Nitamwambia kesho.

Ila nina hakika la "hoja imeungwa mkono" na la mizani ya Nala hawana. Hayo ni yetu.

Mjukuu wa Kondoa

Salaam wote. Mimi naandika kwa upande mwingine kidogo.

Kaka yangu haoni. Alisoma Buigiri, pale Chamwino, kwenye shule ya wasioona. Tulipata baiskeli ya watu wawili kwa ndugu, mimi mbele yeye nyuma. Ana miguu yenye nguvu kunizidi, kwa hiyo lile la "wa nyuma hapigi" likisemwa tunacheka wote, maana tukipanda mlima mimi ndiye ninayehema.

Linaloniuma ni jingine. Watu wakishagundua haoni wanaacha kumsemesha, wananisemesha mimi. "Anaogopa?" "Anajua tunapokwenda?" "Unampeleka hospitali gani?" Yupo hapo hapo, nusu mita nyuma yangu, anasikia kila kitu kuliko mimi. Sasa amejiwekea jibu. Mtu akiniuliza "huyu anaogopa?", yeye anajibu kutoka nyuma: "Naogopa, maana dereva wangu ana macho." Hapo mtu anashtuka, anacheka, na kuanzia hapo anaongea naye yeye. Mara nyingine wanaishia kuongea mpira dakika kumi na mimi nimesimama nimeshika breki.

Kaka anasema akiwa nyuma anaijua Dodoma kwa harufu na upepo. Soko la Sabasaba analijua kabla sijamwambia. Kwenye mashamba ya zabibu ya Makutupora anajua tumefika kwa ubaridi wa hewa ya mifereji.

Mwana Ipagala

Mjukuu wa Kondoa, msalimie sana kaka. Jibu lake limeyapita yote niliyoandika.

Wengine labda hamjui: kwenye michezo ya Paralimpiki mbio za baiskeli za wasioona zinafanyika kwa tandemu. Anayeona anakaa mbele, mwanamichezo asiyeona anakaa nyuma, na wakishinda wote wawili wanavishwa medali. Kwa hiyo duniani huko injini ya nyuma inaheshimiwa. Na hilo uliloliandika la kusemeshwa wa mbele tu, hata mimi ninayeona linanipata kwa kiasi chake. Mtu anamuuliza mume wangu, "Mkeo hachoki?" Mimi nipo hapa! Niulize mimi. Sichoki kwenye tambarare, nachoka kwenye mlima, na njaa inaniuma kuanzia Ihumwa.

Ombi langu kwa wasomaji wote wa hapa mjini ni hilo. Semeni chochote, tanieni mnavyotaka, lakini mkitusalimu, mkimsalimu kaka wa Kondoa, salamu ifike hadi siti ya nyuma.

Binti Kibaigwa

Sijawahi kupanda ila nimewahi kuwauzia karanga watu wa hiyo baiskeli pale stendi. Wa mbele alinunua pakiti moja, nikamwambia, "Na injini ya nyuma unaijaza nini?" Akanunua ya pili. Tangu hapo nikiiona baiskeli hiyo nasogea mapema na pakiti mbili.

Kijana wa Nkuhungu

Mkuu swali la mwisho halafu nakwenda kumshawishi mchumba. Ni kweli zina mbio? Kuna siku mlinipita niko na bodaboda ya mkopo, nikaona aibu.

Mwana Ipagala

Hapo lazima ulikuwa umechelewa kwenye tuta! Ila ndiyo, kwenye tambarare na mteremko zina mbio. Nguvu ni za watu wawili, lakini upepo unampiga zaidi wa mbele, wa nyuma amejificha mgongoni kwake. Mlimani ni kinyume, uzito wa watu wawili unadai haki yake na tunakwenda polepole mpaka mtoto wa darasa la pili anatembea pembeni anatuhoji: "Mama, mnakwenda wapi? Kwa nini hamshuki? Mnaumwa?" Kupanda Chimwaga wanachuo wote wanapata muda wa kutosha kutunga maneno mapya. Kushuka hakuna anayewahi kumaliza sentensi.

Kama utaanza na mchumba, anzeni asubuhi na mapema, njia ya Ihumwa kuelekea Mtumba. Kipindi hiki cha kiangazi upepo unatoka mashariki, kwa hiyo mtakwenda nao usoni mkiwa na nguvu, kurudi mjini unawasukuma mgongoni. Wewe mzito kaa mbele, beba maji ya kutosha, na mpangane maneno yenu kabla ya kuondoka: mtasemaje mkitaka kuacha kupiga, mtasemaje kwenye shimo. Mzunguko wa kugeuka ni mpana kuliko ulivyozoea, usijaribu kugeuka katikati ya barabara kama una Phoenix, shukeni mgeuze kwa mikono.

Na mkifika pale Ihumwa kwa watoto wa mluzi, waambieni behewa jingine limeshafika. Kisha rudi hapa utuandikie walichosema.